Mgagao: Bunduki Ilipopiga Kura

*Hotuba iliyotolewa Iringa mjini mbele ya walimu wa historia, wanafunzi wa kidato cha tano na sita, na wazee*

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu, walimu wenzangu, na ninyi wanangu mliokaa mpaka madirishani: kamwene.

Nimeombwa nizungumzie mchango wa nyanda za juu kusini katika ukombozi wa kusini mwa Afrika. Mengi ya hayo mmeshayasikia kwenye sherehe. Mnaijua barabara ya Zambia inayopanda Kitonga na kupita hapa kwenda Mbeya na Tunduma. Mnalijua bomba la mafuta la TAZAMA lililofunguliwa 1968, na reli ya TAZARA iliyokabidhiwa 1976. Hayo yote yalifanyika kwa sababu walowezi wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, walikuwa wameikaba Zambia koo. Ni fahari yetu, na sina nia ya kuipunguza.

Leo lakini naomba nisimame mahali pamoja tu, Mgagao, hapa wilayani Kilolo. Kambi ile iliwalea vijana wa ZANLA, jeshi la chama cha ZANU, waliokuja kuitawala Zimbabwe. Watoto wetu wanafundishwa kwamba tuliwapokea, tukawalisha, wakashinda. Hawafundishwi kilichoandikwa pale Oktoba 1975, wala yaliyowapata walioandika. Nami naamini kwamba asiyejua hayo hawezi kuelewa namna kundi lenye silaha linavyogeuka kuwa dola, na kwa nini dola ya namna hiyo huwa ngumu kuondoka madarakani.

Nianze na haki yao, maana ukianza kwingine utawaonea. Sheria ya kugawa ardhi ya 1930 iliwapa walowezi wa Kizungu, ambao walikuwa kama asilimia 5 tu ya watu, karibu nusu ya nchi nzima, tena nusu iliyonona. Waafrika walipoanzisha vyama, vilipigwa marufuku kimoja baada ya kingine. ZANU yenyewe ilizaliwa Agosti 1963 kwa kumeguka kutoka ZAPU ya Joshua Nkomo. Rais wake alikuwa Mchungaji Ndabaningi Sithole, na katibu mkuu alikuwa mwalimu mmoja aitwaye Robert Mugabe. Haikutimiza hata miaka miwili ya kazi halali. Ilifungiwa 1964, na viongozi wake wakatiwa ndani kwa karibu miaka 10. Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith, waziri mkuu wa Rhodesia, akajitangazia uhuru wa walowezi. Mwalimu Nyerere akavunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza Desemba ile ile kwa kuwa Waingereza walikataa kumwadabisha Smith, na tukaupoteza mkopo wa pauni milioni 7.5, sisi tuliokuwa maskini wa kutupwa.

Kwa hiyo vijana wale walipovuka mpaka kuja kwetu kutafuta mafunzo, mlango wa sanduku la kura walikuwa wameshafungiwa, na kofuli juu. Mtu asiwahukumu kwa kuchukua bunduki bila kulisema hilo kwanza.

Walianzia Itumbi, kule Chunya, kwenye machimbo ya dhahabu, kabla Mgagao haijawa kambi yao kubwa. Walimu wao wa vita walikuwa Wachina. Na hapa vijana naomba msikilize vizuri, kwa sababu ndipo siri ya nguvu yao ilipo. Mapigano yao ya kwanza yalikuwa balaa. Tarehe 28 Aprili 1966 wapiganaji 7 wa ZANLA waliuawa Chinhoyi kwa siku moja. Waliingia nchini kama wageni na silaha zao, hakuna kijiji kilichojua wamekuja kufanya nini. Leo Zimbabwe inawaenzi kama mashujaa, na ni haki yao, lakini kivita walishindwa.

Somo walilolipata, na ambalo Wachina walilikazia, ni kwamba siasa hutangulia risasi. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970 FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, waliwapitisha katika jimbo la Tete nchini humo. Wakaingia kaskazini mashariki ya Rhodesia kimyakimya. Miezi mingi hawakufyatua hata risasi moja. Walibeba silaha mabegani usiku, wakazificha, wakazungumza na wazee wa vijiji, wakawaendea wenye mizimu na kuomba baraka ya Nehanda, mama aliyenyongwa na Waingereza 1898. Walipolishambulia shamba la mlowezi la Altena tarehe 21 Desemba 1972, wanavijiji walikuwa wameshajua hao ni wana wa nani.

Usiku walikusanya watu kwenye mikutano waliyoiita pungwe. Watu waliimba, wakafundishwa habari za ardhi iliyoporwa, mpaka alfajiri. Wavulana wadogo, mujibha, na wasichana, chimbwido, walipeleka chakula na habari. Hivyo ndivyo jeshi linavyojenga serikali kabla ya kuipata serikali: linakusanya chakula, linaamua kesi, linatoa adhabu. Na adhabu ilikuwepo. Katika pungwe hizo hizo mtu aliweza kutajwa kuwa msaliti, mutengesi, akauawa palepale mbele ya jirani zake, bila shahidi wala rufaa. Wakati mwingine alikuwa msaliti kweli. Wakati mwingine alikuwa na ng'ombe wengi na jirani mwenye kijicho. Nani angeuliza? Mwenye kuuliza naye angetajwa.

Naomba tuyashike yote mawili kwa pamoja. Wimbo wa ardhi ulikuwa wa kweli, na yule aliyeuawa bila kusikilizwa alikuwa mtu wa kweli. Sherehe zetu hushika la kwanza tu.

Sasa nije 1975, mwaka ambao Mgagao iliingia katika historia.

Serikali ya Wareno, watawala wa Msumbiji, ilipopinduliwa kwao Aprili 1974, waziri mkuu Vorster wa Afrika Kusini na Rais Kaunda wa Zambia walianza kutafuta suluhu ya Rhodesia mezani. Smith akawafungua Sithole, Mugabe na wengine mwishoni mwa mwaka ule. Lakini ndani ya ZANLA moto ulikuwa umeshawaka. Makamanda wa mstari wa mbele, wakiongozwa na Thomas Nhari, waliasi mwishoni mwa 1974. Walilalamika kwamba wakubwa wanaishi raha Lusaka huku wao wanakufa porini. Maasi yakazimwa kwa damu.

Halafu akauawa Herbert Chitepo. Wazee hapa wanalikumbuka jina hilo. Alikuwa mwanasheria hodari, Mwafrika wa kwanza kuwa mkurugenzi wa mashtaka wa nchi yetu baada ya uhuru, akaiacha kazi hiyo 1966 akaenda Lusaka kuongoza vita vya watu wake. Asubuhi ya tarehe 18 Machi 1975 aliingia kwenye gari lake dogo, Volkswagen, uani kwake. Alipolirudisha nyuma kutoka nje, bomu likalipuka. Alikufa yeye na mlinzi wake, na mtoto wa jirani naye akapoteza maisha. Mtoto huyo hatajwi kwenye hotuba. Mimi namtaja.

Serikali ya Zambia ikawakamata wakuu wa ZANLA, akiwemo kamanda Josiah Tongogara, ikiwatuhumu kwa mauaji hayo. Hadi leo watu wanabishana nani hasa alitega bomu lile, ingawa maofisa wa zamani wa usalama wa Rhodesia baadaye walisema ni kazi yao. Kwa vijana waliokuwa Mgagao jambo lilikuwa jepesi kueleza na zito kubeba: makamanda wako jela, mwenyekiti wao Chitepo kauawa, na wanasiasa wanagombania vyeo hotelini. Katika kambi ya Mboroma, Zambia, wenzao walipigwa risasi na wanajeshi wa nchi iliyowahifadhi. Mchungaji Sithole, waliyemtazamia awatetee, hakuonekana.

Oktoba 1975, maofisa 43 wa ZANLA waliokuwa Mgagao wakaandika tamko. Walilielekeza kwa Kamati ya Ukombozi ya OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, kwa serikali ya Tanzania na kwa serikali ya Msumbiji. Walimkataa Sithole, wakawakataa na wanasiasa wengine, Askofu Muzorewa na Chikerema. Wakasema mtu pekee anayeweza kuwa kiungo kati yao na dunia ni Robert Mugabe, ambaye wakati huo alikuwa ameshavuka kwenda Msumbiji, na ambaye Samora Machel mwenyewe alikuwa bado hamwamini. Miongoni mwa waliolisukuma tamko hilo alikuwa kijana aliyejulikana kwa jina la vita Dzinashe Machingura, jina lake la kuzaliwa Wilfred Mhanda.

Ndugu zangu, tazameni kilichotendeka. Nchi yenye watu kama milioni 6 ilichaguliwa kiongozi wake na watu 43, kwenye baridi ya Kilolo, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka kwao. Siwalaumu. Wangepiga kura wapi? Smith asingewaruhusu, na wanasiasa wao walikuwa wamewatupa. Lakini jambo likifanywa kwa dharura halibaki kuwa la dharura. Siku ile iliwekwa kanuni kwamba uhalali wa kiongozi unatoka kwa wenye silaha. Wananchi wataletewa jina baadaye walipigie makofi.

Mugabe aliielewa kanuni hiyo kuliko walioiweka. Mwaka uliofuata, 1976, alisema redioni akiwa Msumbiji kwamba kura yoyote watakayoipata itakuwa zao la bunduki, na kwamba bunduki iliyoizaa kura ibaki kuwa mlinzi wake. Kila nikifundisha kidato cha sita huwa nawasomea maneno hayo mara mbili, kisha nanyamaza wayatafakari.

Na yaliyowapata wale walioandika? Mwishoni mwa 1975 waliunda jeshi la pamoja na ZIPRA, vijana wa Nkomo, wakaliita ZIPA. Lilikuwa jambo jema. Vijana wa vyama viwili waliochukiana waliamua kupigana bega kwa bega, wakaanzisha vita upya Januari 1976. Machingura alikuwa miongoni mwa viongozi wake. Walijenga chuo cha itikadi, wakazungumza umoja, wakahoji ukabila na ubwana wa wakubwa. Lakini umoja huo ulivunjika, na sehemu mojawapo ulipovunjika ni hapa hapa kwetu. Katikati ya 1976 wapiganaji wa ZANLA na ZIPRA walipambana ndani ya kambi ya Mgagao, na vijana wa ZIPRA wakauawa. Damu hiyo ilimwagika kwenye udongo wa Kilolo, na ilimwagwa na ndugu, wakati adui alikuwa Salisbury, Harare ya leo.

Kisha, baada ya mkutano wa mazungumzo wa Geneva, Januari 1977, Mugabe na Tongogara aliyekuwa amefunguliwa waliiomba serikali ya Msumbiji iwakamate viongozi wa ZIPA. Wakakamatwa. Mhanda na wenzake walikaa kizuizini Msumbiji mpaka 1980. Watu walioandika tamko la kumpa Mugabe uongozi waliusikia ushindi wake wakiwa mahabusu. Mhanda aliishi mpaka 2014, na miaka yake ya mwisho aliitumia kuusema ukweli huo waziwazi.

Hapa ndipo ninapotaka vijana muone. Aliyekuweka kwa bunduki anaweza kukuondoa kwa bunduki, na wewe unalijua hilo kuliko mtu yeyote. Basi wa kwanza kuwaogopa ni wale wale waliokuweka. Hili halihitaji mtu mbaya wa kipekee. Mugabe alikuwa msomi, mwenye nidhamu, aliyeonewa kwa miaka mingi gerezani na kunyimwa hata ruhusa ya kumzika mwanawe aliyefia Ghana. Kanuni ilifanya kazi yake.

Yaliyofuata nitayapita haraka, isipokuwa moja. Uchaguzi wa Februari 1980 chama chake kilipata viti 57 kati ya 80 vilivyogombewa na Waafrika, na uhuru ukaja tarehe 18 Aprili. Tongogara hakuuona, alikufa kwa ajali ya gari Msumbiji siku tano baada ya mkataba wa Lancaster House wa kumaliza vita kutiwa saini. Wananchi walifurahi, nasi tulifurahi nao. Shule zilifunguliwa, watoto wakasoma kwa wingi ambao nchi chache za Afrika ziliufikia. Hayo ni kweli.

Ile moja nisiyoweza kuipita ni Matabeleland, magharibi mwa nchi, ngome ya chama cha Nkomo. Januari 1983 serikali ilipeleka huko Brigedi ya Tano, iliyofunzwa na wakufunzi wa Korea Kaskazini. Kisingizio kilikuwa waasi wachache waliokuwa ZIPRA na silaha zilizokutwa zimefukiwa. Walioteseka walikuwa wanavijiji. Walikusanywa, wakalazimishwa kuimba nyimbo za chama kwa Kishona, lugha isiyo yao, wakapigwa, wakauawa, wengine wakazikwa makaburi ya pamoja. Inakadiriwa waliokufa wanafika 20,000 kabla ya mkataba wa umoja wa Desemba 1987. Mtu aliyeisoma habari ya pungwe hatashangaa: mkutano wa lazima, wimbo wa lazima, msaliti kutajwa hadharani, adhabu palepale. Na aliyeisoma habari ya Mgagao 1976 hatashangaa walengwa walikuwa nani. Nchi zetu za mstari wa mbele hazikusimama hadharani kuwatetea wale watu wa Matabeleland. Hilo linaniuma, na linaniuma zaidi kwa sababu tulikuwa na haki ya kusema, sisi tuliowapa ardhi ya kujifunzia.

Januari 2002 mkuu wa majeshi, Jenerali Vitalis Zvinavashe, akitangaza mbele ya kamera, alisema jeshi halitamuunga mkono kiongozi asiye na historia ya ukombozi. Mwaka 2008 kiongozi wa upinzani Morgan Tsvangirai, ambaye hakuwahi kukaa kambini, alimshinda Mugabe raundi ya kwanza, asilimia 47.9 kwa 43.2. Vipigo na mauaji ya wafuasi wake vilimfanya ajitoe kabla ya marudio. Na Novemba 2017 wale wale wenye bunduki wakaingia barabarani Harare, na Mugabe akajiuzulu tarehe 21. Walichompa mwaka 1975 wakakichukua wenyewe.

Kuna watakaoniambia: Mwalimu, hiyo ndiyo hatima ya kila chama kilichopigana. Hapana. Umkhonto we Sizwe, jeshi la ANC ya Afrika Kusini, nao walikaa kwetu, Kongwa, kuanzia 1964. Nao kambi zao, hasa baadaye Angola, zilikuwa na mateso na watu kuuawa kwa kutajwa tu. Lakini ANC iliunda tume za kuchunguza kambi zake yenyewe, ile ya Motsuenyane ikatoa ripoti 1993, kabla hata ya kuingia madarakani. Baadaye ikaja Tume ya Ukweli na Maridhiano, ikazichunguza pande zote. Na mwaka 2024 ANC ilipopata kama asilimia 40 tu ya kura, ilikubali, ikaunda serikali na wapinzani wake. Zimbabwe nayo iliunda tume kuhusu Matabeleland, ya Chihambakwe. Ripoti yake haijawahi kutangazwa kwa wananchi. Mimi tofauti ya nchi hizi mbili naiona hapo kwa sehemu kubwa: mmoja alifungua daftari la kambini, mwingine akalifungia.

Vijana, msidhani nawapa habari za wazee. Madereva wanaopita hapa kuelekea Tunduma na Lubumbashi wanawaletea habari za Kongo kila wiki. Goma, mji wa mashariki mwa Kongo, iliingia mikononi mwa waasi wa M23 Novemba 2012. Askari wetu walikuwa katika brigedi ya Umoja wa Mataifa iliyosaidia kuwashinda 2013, na wapo waliokufa huko. Januari 2025 M23 wakaichukua tena Goma, kisha Bukavu, na safari hii wakaweka magavana na kukusanya ushuru. Mnaposikia kundi lolote la namna hiyo likisema linawatetea watu, usiulize tu kama malalamiko yao ni ya kweli. Mara nyingi ni ya kweli. Uliza viongozi wao waliwekwa na nani, na mwanakijiji akionewa nao anakwenda kushtaki wapi.

Walimu wenzangu, ombi langu kwenu ni la kazi, tena ya mwaka huu. SADC ilichapisha mwaka 2014 majuzuu 9 ya historia ya ukombozi, mradi uliopewa jina la Brigedia Hashim Mbita, aliyeiongoza Kamati ya Ukombozi mpaka ilipofungwa 1994. Ni hazina. Lakini majuzuu hayo hayawezi kuwa na kila mzee wa Kilolo. Wapo waliouza mahindi kambini, waliobeba kuni, waliooa au kuolewa na wapigania uhuru, waliosikia milio ile ya risasi ya 1976 wakaambiwa wasiulize. Umri wao unajulikana. Wapeni wanafunzi daftari na simu zao za kurekodia, wawaendee na shikamoo, wakae, wasiwakatishe. Wawaulize walikula nini, walicheza nao mpira, waliwaogopa lini, na nani alizikwa wapi. Wasiwape majibu mdomoni. Mzee akisema jambo linalochafua sherehe, liandikwe kama alivyolisema, na jina lake lisiandikwe asipotaka.

Ndugu Mwenyekiti, nawaona hapa mbele wazee watatu kutoka upande wa Mgagao. Dakika zangu zilizobaki naomba wapewe wao.